Watoto wa marehemu kaka wanataka kwenda Ukerewe kwa gari: niwaruhusu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 43, naishi Nyakato, Mwanza. Mwezi Machi kaka yangu, mvuvi wa dagaa, alizama usiku karibu na kisiwa cha Ukerewe, mtumbwi ulipigwa na dhoruba. Mwili ulipatikana siku ya pili. Baada ya kuanua tanga niliwachukua watoto wake wawili wakubwa waje kusoma mjini, msichana wa miaka 16 na mvulana wa miaka 14. Mama yao amebaki kisiwani na mtoto mdogo. Kwangu yupo pia binti wa marehemu mdogo wangu, ana miaka 17. Mama yake alifariki kwa ugonjwa miaka miwili iliyopita, tukamzika Sengerema. Hawa watatu wanaishi nyumba moja lakini kila mmoja na simu yake. Mvulana hajalia tangu msibani, na ndiye aliyekuwepo mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, mwili wa baba yake ulipoletwa. Msichana anafoka kwa jambo dogo. Wiki iliyopita wamenijia wote watatu kwa pamoja, wakaniomba likizo ya Juni niwapeleke Ukerewe, ila si kwa meli. Wanataka kuzunguka kwa gari kupitia Bunda na kulala njiani. Mdogo wangu wa kiume ana gari aina ya Noah na yuko tayari kuwaendesha. Kaka yetu mkubwa amekataa kabisa. Anasema watoto wenye msiba hawapelekwi matembezi, na kwamba kaburi litawatonesha kidonda. Nifanye nini? Na mimi niende nao?

Jibu: Dada yangu, poleni sana. Umezika mdogo wako, ukazika na kaka, na malezi ya watoto wao yamekuangukia wewe kabla hujapata nafasi ya kukaa chini na kulia mwenyewe. Nitatangulia na jibu, maelezo yafuate: waruhusu waende. Na wewe nenda nao, ila kaa kiti cha mbele, uwaachie wao nyuma.

Katika yote uliyoandika, jambo lililonipa matumaini kuliko mengine ni kwamba walikuja watatu. Kabla ya kukujia walishakaa mahali wakazungumza. Mmoja alitoa wazo, mwingine akasema si kwa meli, wa tatu akakubali. Watoto unaowaona hawaongei tayari wana neno lao moja, na neno hilo ni safari hii. Ukiwakatalia bila sababu ya usalama, utakuwa umevunja kitu cha kwanza walichokijenga wenyewe tangu msiba.

Sasa hoja ya kaka yako mkubwa. Simdharau, maana anasema kile ambacho wazee wengi wa kwetu wanaamini kwa nia njema: mtoto aliyefiwa akae atulie, asikumbushwe, na furaha isubiri. Tatizo ni kwamba huzuni ya kijana wa miaka 14 au 17 haikai mahali pamoja. Asubuhi atacheka kwa video ya simu hadi machozi yamtoke, jioni hali chakula, usiku hana usingizi. Mtu mzima akiona kicheko cha asubuhi anasema ameshasahau, na akiona ya usiku anasema amezidiwa. Yote mawili ni msiba uleule. Watafiti wawili wa Uholanzi, Margaret Stroebe na Henk Schut, mwaka 1999 waliueleza mwendo huu vizuri: aliyefiwa huenda na kurudi, mara anaukabili msiba wenyewe, mara anageukia maisha yanayoendelea, na huko kwenda na kurudi ndiko kunakomwezesha kuishi na kilichotokea. Anayelazimishwa kubaki upande mmoja tu, wa kilio au wa kujikaza, ndiye anayekwama.

Huenda umewahi kusikia kwamba kuomboleza kuna hatua tano: kukana, hasira, kubembeleza, sononi na kukubali. Watu wanazitaja makanisani, mashuleni, hata redioni. Hatua hizo zilitolewa mwaka 1969 na daktari Elisabeth Kübler-Ross kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wanakabili kifo chao wenyewe. Hakuwa anawapimia watoto waliofiwa na baba. Kwa hiyo usisubiri mvulana wako amalize hasira ndipo aingie hatua nyingine, wala usimhesabie amechelewa kulia.

Na wazee wetu walilijua hili kabla ya watafiti hao. Mwulize kaka yako: msibani watani hufanya nini? Mtani anaigiza mwendo wa marehemu, anadai deni ambalo halipo, anazuia jeneza mpaka apewe chochote, na watu wenye macho mekundu wanacheka palepale kaburini. Hakuna anayesema mtani amekosa adabu. Kicheko kimepewa nafasi yake ndani ya kilio tangu zamani. Ila kwenye tanga zetu vijana wa umri huu hawapati hata nafasi hiyo. Wadogo wanabebwa, wakubwa wanakaa jamvini wanapewa pole, na wa katikati wanatumwa maji, viti na sahani mpaka watu watawanyike. Wanaomboleza huku wamesimama, na kwa kuwa wanafanya kazi vizuri, watu wanasema wamejikaza. Nadhani vijana wako watatu wanaomba tanga lao, ambalo hawakulipata.

Kwa nini gari, hasa? Hapa naomba tukae kidogo, maana ndiyo roho ya jambo lenyewe.

Kijana ukimkalisha kochini, ukazima runinga, ukamtazama usoni na kumwambia "niambie unajisikiaje," atakujibu "poa." Hajakudharau. Macho yako yamemwelemea. Ndani ya gari kila mtu anatazama mbele au dirishani. Kunyamaza hakuhitaji kuelezwa, maana barabarani watu hunyamaza tu. Anaweza kusema sentensi moja nzito akiwa anatazama mbuzi wa watu kando ya barabara, kisha wimbo ukabadilika, sentensi ikapita, na hakuna aliyemgeukia. Nusu saa baadaye mwenzake ataijibu. Mazungumzo ya vijana waliofiwa huja hivyo, kwa vipande, kati ya soda na usingizi, na safari ndefu inayavumilia kuliko sebule. Zaidi ya hayo, mtoto aliyepoteza baba ghafla ameishi miezi mitatu akiwa mtu wa kuamuliwa kila kitu: atahama wapi, atasoma shule gani, atalala na nani. Safari inampa vitu vidogo vya kuamua mwenyewe, tule wapi, tusimame wapi, nani akae dirishani. Usidharau udogo wa mambo hayo.

La tatu ni wenzake. Shuleni kwake huyu mvulana ni mgeni kutoka kisiwani, na yumkini ndiye peke yake darasani aliyefiwa mwaka huu. Anaogopa kutajwa. Ndani ya Noah hiyo, kufiwa ni hali ya kila mtu, pamoja na dereva. Hakuna wa kuelezwa, hakuna wa kuonewa haya. Nimewaona vijana wakifunguka mbele ya mwenzao aliyefiwa kwa maneno ambayo mshauri nasaha angeyatafuta kwa miezi.

Kabla hujapanga siku, kuna mawili yatangulie.

La kwanza ni mvulana. Kutolia si hoja kwangu, wavulana wengi wa umri wake hawalii mbele za watu, hasa kama kuna aliyemwambia "sasa wewe ndiye baba wa nyumba." Kama maneno hayo yalisemwa, na mara nyingi husemwa, mtafute siku umwambie waziwazi kwamba si kweli, kwamba yeye ni mtoto na watu wazima wa ukoo wapo. Ninachokitazama kwa wasiwasi ni pale mwaloni. Kumpoteza baba ni msiba. Kumwona baba aliyetolewa majini siku ya pili ni tukio linaloweza kumwachia jeraha lake lingine, na majeraha haya mawili hayatibiwi sawa. Mwenye huzuni humtamani marehemu, anatafuta picha zake na kuvaa sweta lake. Mwenye jeraha la tukio anakimbia kumbukumbu, kwa sababu picha ile humjia yenyewe bila kuitwa, usiku kwa ndoto, mchana kwa harufu au sauti. Mchunguze taratibu. Je, anaamka akipiga kelele? Anashtuka akiguswa? Anakataa samaki mezani, au anakwepa kupita karibu na ziwa? Kama mambo hayo yapo na yamezidi mwezi mmoja, mpeleke kwanza hospitali ya Bugando, kwenye idara ya afya ya akili, azungumze na mtaalamu kabla ya Juni. Safari haijafutwa kwa sababu hiyo, ila aende akiwa ameshikwa mkono na mtu anayeijua kazi hiyo. Lile sharti lao la kutopanda meli linanifanya nifikirie kwamba walishalijua hilo wenyewe, na kwamba wakubwa wawili wanamlinda mdogo wao.

La pili ni mama yao. Barua yako imejaa kauli za kaka mkubwa, na mama wa watoto umemtaja mara moja tu, kwamba amebaki kisiwani. Yeye ndiye mzazi. Ameondokewa na mume, kisha wanawe wawili wakahamia mjini, na huenda usiku anakaa na kitoto kile akihesabu siku za likizo. Mpigie leo. Mwulize anaonaje, mwulize kama ana nguvu ya kupokea wageni, na msikubaliane lolote na kaka wala na dereva kabla hajasema. Ukimpelekea kaka yako neno kwamba "mama yao anataka kuwaona, nao wanakwenda kumsalimia na kuliangalia kaburi la baba yao," hutakuwa umemdanganya, maana ndivyo ilivyo, na kwa mila yoyote ninayoijua ya ukanda huu wa ziwa hakuna mzee anayezuia watoto wasiende kuliona kaburi la baba yao. Neno "matembezi" ndilo lililomkwaza.

Tuje kwenye njia. Wamechagua vizuri. Meli kutoka Mwanza hadi Nansio, bandari ya Ukerewe, ni saa tatu na zaidi katikati ya maji, na kwa mtoto aliyepoteza baba kwenye maji hayo ni muda mrefu usio na pa kushukia. Barabara inazunguka Ghuba ya Speke: mtatoka Nyakato kupitia Igoma na Kisesa, Nyanguge, Magu, hadi Lamadi mkiwa tayari mkoa wa Simiyu, mpite lango la Ndabaka ambapo Serengeti inakaribia kabisa ziwa, muingie Bunda mkoa wa Mara. Hapo mnakunja kushoto kuelekea Kibara na Kisorya, ghuba ikiwa mkono wenu wa kushoto, na kivuko kinawavusha hadi Rugezi, ambako mnakuwa mmerudi tena mkoa wa Mwanza. Mwanza hadi Bunda ni saa tatu hivi kwa gari lisilokimbizwa. Mngeweza kufika siku moja, lakini wao wameomba kulala njiani, nami nakubaliana nao. Laleni Bunda. Usiku wa ugenini, kwenye chumba ambacho hakina kumbukumbu ya mtu yeyote, unaweza kuwa ndio usiku wanaoongea. Wasichana wachukue chumba kimoja na wewe uwe jirani yao, mvulana alale na baba yake mdogo. Msiwahimize kulala mapema.

Igoma kuna makaburi ya waliokufa na MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza. Mtapita karibu nayo asubuhi. Mimi nisingesimama wakati wa kwenda, na wala nisingeyaonyesha kwa kidole. Wakiuliza wenyewe wakati wa kurudi, simameni. Kuna vijana ambao kusoma safu za majina ya watu waliochukuliwa na ziwa hilohilo huwaonyesha kwamba jiji zima linajua maumivu yao. Wengine huwazidishia hofu. Waamue wao.

Njiani acha nyimbo zao zipigwe. Ukija wimbo aliokuwa anaupenda marehemu, dereva asiuzime kwa haraka. Akizima amewaambia kwamba baba hatajwi humu. Kisesa kuna makumbusho ya Wasukuma, Bujora, kama wakitaka kusimama, na Lamadi mtakula sato. Haya nayataja upesi kwa sababu vituo si muhimu kama muda wenyewe. Usijaze ratiba. Mtu mzima mwenye hofu ya ukimya hupenda kuwasimamisha watoto kila kilomita kumi wapige picha, na hapo safari inakuwa ziara ya shule.

Dereva. Mdogo wako naye amefiwa na kaka, tusisahau. Atakapofika Kisorya akaona mitumbwi, huenda yeye ndiye akalia kwanza. Hilo halina ubaya wowote. Mvulana wa miaka 14 akimwona baba mdogo analia kisha anajifuta na kuendelea na kazi, atakuwa amejifunza zaidi ya hotuba. Ila awe mzima kwa ajili ya usukani. Asinywe pombe safari nzima, msisafiri usiku, kila mtu afunge mkanda, na gari lifanyiwe matengenezo kabla, breki na matairi. Binti wa miaka 17 ataomba ajaribu kuendesha kipande. Hapana. Leseni ni miaka 18, na ukoo huu hauwezi kuzika tena mwaka huu.

Kivuko ndicho kigumu. Kati ya Kisorya na Rugezi ni mkono mwembamba wa maji, mnavuka kwa muda mfupi, lakini kwa huyu mtoto ni maji yaleyale. Mwambie tangu nyumbani jinsi kutakavyokuwa: gari litaingia, abiria watashuka, tutasimama upande fulani, tutaona ng'ambo muda wote. Mambo yanayojulikana kabla hupunguza hofu. Mpe uchaguzi wa kusimama pembeni aone maji au kukaa katikati asiyaone. Aulizie jaketi la kujiokolea na alivae kama atajisikia salama, na nyote mvae ili asiwe peke yake. Moyo ukimwenda mbio, asiambiwe "acha uoga." Mmoja wenu avute pumzi pamoja naye, na waitoe polepole kuliko walivyoivuta, mara kadhaa. Na kama akifika ukingoni akakataa kabisa, msimburute. Kaeni Kisorya, kunyweni chai, kivuko kingine kitakuja. Akikataa na hicho, mama yao anaweza kuvuka kuwafuata. Panga hilo na mama mapema, na umwambie mvulana kwamba limepangwa. Nimeona mara nyingi kwamba mtoto anayejua mlango wa kurudi upo wazi huweza kusonga mbele.

Mkifika, watakuta kisiwa kinachojua msiba wa namna yao. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa jirani cha Ukara, wakafa watu 228. Waliokuwa watoto wadogo siku ile leo ni vijana wa rika lao, na shule za Ukerewe na Ukara hazikosi waliofiwa na mzazi. Kama watoto wako wana rafiki huko wa zamani ambaye naye alifiwa, waache waonane naye bila wewe.

Kaburini nendeni wote, mfanye mnalolifanya kwa dini yenu, kisha ninyi wakubwa mwondoke. Waache watatu peke yao kwa muda wanaoutaka. Wasiamriwe kulia, wala kusema neno kwa baba. Vijana huweza zaidi wakipewa kazi ya mikono: kung'oa majani, kupanga mawe, kupanda maua, kupaka chokaa. Zamani wataalamu wengi walifundisha kwamba kuomboleza ni kumwachia marehemu aende, mtu akate kamba. Tangu mwaka 1996, Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walipokusanya tafiti kuonyesha kwamba waliofiwa huendelea kuwa na uhusiano na wapendwa wao na kwamba hilo si ugonjwa, ushauri umebadilika. Sisi tunaowapa wajukuu majina ya marehemu hatukuhitaji kuambiwa. Kwa hiyo mama yao awape kila mmoja kitu cha baba, na wachague wenyewe. Tochi yake, sweta la kuvulia, redio. Mvulana akichukua kitu cha kazi ya ziwani, msimkatalie kwa hofu kwamba atakuwa mvuvi.

Kuna jambo moja ambalo usisubiri Juni. Simu ya marehemu iko wapi? Ndani yake, au kwenye simu za watoto, kuna sauti yake, zile jumbe za WhatsApp alizokuwa anawatumia, hata kama alikuwa anasema tu "mmekula?" Simu huibiwa na huvunjika. Mwombe binti wa miaka 17 azihifadhi nakala mahali pawili wiki hii. Na laini yake isipotumika kwa muda mrefu itafungwa, namba apewe mtu mwingine. Watoto hupiga namba ya baba aliyekufa kuliko wazazi wanavyojua, na siku mgeni anapopokea ni msiba wa pili. Iwekeni hai au waambieni mapema kwamba itafungwa.

Mkirudi, usiku wa kwanza au wiki ya kwanza huenda wakawa wabaya kuliko walivyoondoka. Msichana atafoka zaidi. Yule mdogo huenda ndipo akalia. Kaka yako atasema, "Si niliwaambia?" Mwambie asubiri. Kilichokuwa kimeshikiliwa kimelegezwa, na kawaida hutulia baada ya siku chache wakipewa usingizi, chakula na ratiba ya kawaida ya nyumbani. Mwalimu wa darasa wa kila mmoja aambiwe kilichotokea, kwa ruhusa ya mtoto mwenyewe, ili asichapiwe usingizi wa darasani wala kulazimishwa kueleza.

Dalili zinazohitaji msaada wa haraka ni hizi: mtoto anazungumzia kufa au kumfuata baba, anajikata au kujiumiza, ameanza pombe au bangi, amekataa shule moja kwa moja, au hali wala halali kwa siku mfululizo. Hapo usisubiri wiki. Nenda Bugando, au kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto. Nje ya hayo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 unatambua hali ya maombolezo makali yasiyopungua, na kipimo chake ni kuanzia miezi sita. Ikifika Septemba au Oktoba na huyu msichana bado anaishi kama siku ya mazishi, hawezi kusoma, hana rafiki, hana analolitamani, mpeleke akaonwe. Sasa hivi, kwa miezi mitatu, kufoka kwake kwangu ni huzuni ya mtoto wa kwanza anayehisi amepewa zamu ya mama.

Nimemwacha wa mwisho yule wa miaka 17, kwa sababu ndivyo alivyoachwa hata kwenye barua yako. Msiba wake una miaka miwili, watu wameshaacha kumpa pole, na msiba mpya umeingia nyumbani ukachukua chumba na macho ya kila mtu. Watu watamtumia kama mfano: "Mwenzenu alifiwa na mama na mbona anasoma." Usiliruhusu neno hilo nyumbani kwako. Linamfunga asiumie tena, na linawafanya wenzake wamchukie. Katika safari ya Juni atawafaa sana wadogo zake, anajua mambo ambayo wao bado hawajayafikia, kwamba Krismasi ya kwanza ni ngumu, kwamba sura ya mzazi huanza kufifia na unaogopa, kwamba siku moja unacheka na hujilaumu. Wacha awaambie akitaka, ila asipewe kazi ya ushauri. Yeye naye ni mfiwa.

Na umwahidi safari yake. Sengerema siku hizi ni karibu. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, zile foleni za kusubiri kivuko hazipo tena, unavuka kilomita tatu za daraja ukiwa ndani ya gari, na huyu mvulana anayeogopa maji anaweza kumsindikiza dada yake bila kupanda chombo chochote. Mnaondoka asubuhi na mnarudi jioni. Mwulize kwanza, mkiwa wawili tu, kama anataka kwenda kwa mama yake na angependa nani aende naye. Akisema hataki, usimshawishi. Mwulize tena Desemba shule zikifungwa.